Nilivyojifunza kutunza spini za protoni nikiwa Nyegezi

Hii habari nimeikalia muda mrefu. Watu kadhaa wameniuliza ilikuwaje mwalimu wa sekondari wa hapa Mwanza anakesha na protoni, nkaona bora niandike yote mara moja hata kama itakuwa ndefu, na niandike hasa yale niliyokosea maana humo ndo nilijifunza.

Mimi nafundisha fizikia, naishi Nyegezi, na miaka ile nilikuwa nasoma masters kwa kuungaunga, mchana darasani usiku kwenye laptopu, msimamizi wangu yuko Dar. Maabara sina, kwa hiyo akaniambia tafuta kitu cha kusimuleti, yaani kukiiga kwenye kompyuta, na katika kusomasoma nikakutana na suala la polaraizesheni ya protoni kwenye akselereta za mviringo, zile mashine ambazo protoni zinazungushwa ndani ya bomba lisilo na hewa huku zinaongezewa nishati kidogo kidogo kila mzunguko. Nikanasa hapohapo.

Nieleze kwa ufupi. Kila protoni ina spini, ichukulie kama ile pia ya watoto inayozunguka na mhimili wake umeelekea mahali fulani, na kwa kuwa ina spini basi ni kasumaku kadogo vilevile. Kundi la kawaida la protoni nusu zimeelekea juu nusu chini, hapo polaraizesheni ni sifuri. Zote zikielekea juu ni asilimia 100. Sasa kuna watu wanazihitaji hizo zilizopangwa, kwa sababu mwaka 1987 wanafizikia wa kundi la EMC pale CERN, maabara kubwa ya Ulaya, walipima wakakuta spini za kwaki, yaani vipunje vilivyomo ndani ya protoni, zinachangia sehemu ndogo tu ya spini ya protoni, wakati wengi walitarajia ndo zitabeba karibu yote. Iliyobaki inatoka wapi? Ili kulifuatilia swali hilo maabara ya Brookhaven kule New York waliitumia mashine yao ya RHIC, yenye pete mbili za mzingo wa kilomita 3.8, wakagonganisha protoni zilizopangwa hadi GeV 255 kila upande (GeV ni kipimo cha nishati, moja ni MeV elfu). Mimi hilo swali lilinigusa sana, yaani kitu ambacho kimejaa kwenye kila tone la maji ya ziwa hili hatujui vizuri kinavyojumlisha spini yake.

Shida ni kuzifikisha. Kwenye chanzo protoni zinatoka zikiwa zimepangwa asilimia 80 na zaidi, halafu ndo safari inaanza, na njiani hakuna mahali pa kujazia. Elektroni zikizunguka muda mrefu kwenye sumaku huwa zinajipanga zenyewe pole pole kwa sababu ya mwanga zinaoutoa, ila protoni ni nzito mno kwa hilo, ukishapoteza polaraizesheni umepoteza, unalimwaga kundi unaanza na jipya. Hiyo sentensi nilipoisoma mara ya kwanza niliipita tu, nilikuja kuielewa baada ya miezi.

Na inapoteaje? Hapa ndo utamu wenyewe. Sumaku zinazopinda njia zina uga wa wima, yaani nguvu yake ya sumaku imeelekea juu-chini, spini iliyosimama wima kabisa haisumbuliwi nao. Iliyoinama kidogo inazunguka kuuzunguka ule wima kama pia inayoyumba, na idadi ya mizunguko yake kwa kila mzunguko mmoja wa mashine ni G mara gama. G ya protoni ni 1.793, gama ni nishati yake gawa kwa nishati ya uzito wake, kwa hiyo kwenye GeV 100 spini inazunguka mara 191 wakati protoni imezunguka mashine mara moja tu, na kwenye GeV 255 ni mara 487. Sasa kuna zile sumaku za kubana mwale, yaani lile kundi la protoni linalozunguka, usitawanyike, protoni isiyopita katikati yake kabisa inakutana na uga wa mlalo, spini inapata kamsukumo kadogo sana. Kamsukumo kamoja hakana neno. Ila ile G mara gama ikiangukia namba kamili, kila mzunguko kamsukumo kanaikuta spini iko mkao uleule, kanaongezea palepale, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea ukimpatia kila akirudi, na RHIC protoni ilikuwa inazunguka mara kama 78,000 kwa sekunde moja, fikiria mwenyewe. Hiyo ndo resonansi, na kwa protoni inakuja kila ukiongeza nishati ya MeV 523. Ukitoka GeV 24, ambayo protoni ziliingia nayo RHIC, kwenda 255 unavuka mia nne na kitu. Hizo zinaitwa za kasoro, zinatokana na sumaku kutokaa sawasawa, na kuna za aina ya pili zinazotokana na protoni yenyewe kupanda na kushuka ndani ya bomba inavyobanwa na zile sumaku, hata mashine isiyo na kasoro hata moja inazo.

Basi nikaandika programu yangu. Kosa la kwanza sitalichelewesha: nilikuwa najumlisha badiliko la spini kwa hatua ndogo ndogo kama tulivyofundishwa, na baada ya mizunguko laki moja urefu wa mshale wa spini ukawa 1.03. Spini hairefuki. Nikabadilisha kila hatua iwe mzunguko kamili wa jometria unaotunza urefu, ikatulia. Na umeme ulipokatika usiku wa tatu mfululizo na kazi yote ikafutika nikajifunza kuhifadhi hali ya kila protoni baada ya kila mizunguko elfu moja, ni vitu vidogo ila vinakula wiki.

Lililonichukua muda mrefu ni lingine, na mpaka leo nikilikumbuka naona ndo siku niliyoanza kuielewa fizikia hii.

Nilikuwa navusha resonansi moja tu ya kasoro. Spini imeingia juu, imetoka chini, hasi asilimia 87.5, yaani imepinduka karibu yote. Mimi nkaona hilo ni baya, nataka itoke juu kama ilivyoingia, na msukumo ukiwa mdogo madhara yatakuwa madogo, si ndivyo? Nikaupunguza ukali wa resonansi nusu, kama vile mafundi wameingia kwenye handaki wakazinyoosha sumaku vizuri zaidi. Nikaendesha upya. Ikatoka sifuri. Yaani sifuri kabisa, polaraizesheni yote imeisha. Nimepunguza tatizo nusu nikapata matokeo mabaya kuliko tatizo lenyewe.

Wiki tatu nilitafuta kosa kwenye programu. Nilibadilisha alama za kujumlisha na kutoa, nikaandika upya sehemu nzima, nikahesabu kwa mkono kwenye daftari la maandalio ya somo, nikarudi palepale sifuri. Kwa wakati ule mama alikuwa anakaa kwangu, yeye miaka yote ameuza dagaa Mwaloni kule Kirumba, na kila jioni akirudi nikishamwamkia ananiuliza hizo punje zako leo zimefika? Nikamwambia mama hazijafika, halafu kuna jambo linanichanganya, nikizisukuma sana zinapinduka zote, nisipozisukuma zinabaki zilivyo, nikizisukuma nusunusu zinaharibika. Mama hakusita hata kidogo, akasema mwanangu hiyo ni dagaa iliyokauka nusu. Mbichi unaipika leo, kavu unaiweka hata miezi, hiyo ya katikati iliyonyeshewa mvua haijakauka ndo inaoza kwenye gunia.

Nilinyamaza. Usiku ule nikaacha kutafuta kosa nikaenda kwenye fomula ya Froissart na Stora ya mwaka 1960, ambayo nilikuwa nimeinakili kwenye ripoti bila kukaa nayo, nikaweka namba zangu. Jibu la kwanza hasi 0.875. Jibu la pili, ukali nusu, sifuri. Programu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Fomula inasema polaraizesheni inayotoka inategemea mraba wa ukali gawa kwa kasi unayovukia, ukivuka haraka na ukali ni mdogo spini haipati muda wa kufuata chochote inabaki juu, ukivuka taratibu na ukali ni mkubwa spini inafuatana na ule uga mpaka chini kabisa bila kuachwa, na katikati ya hapo inaachwa njiani imelala mlalo, na zikishalala hivyo zinatawanyika kila moja inaangalia kwake, hakuna wa kuzikusanya tena.

Na kupinduka sio kupotea! Hili ndo sikuwa nalo kichwani. Zote zikielekea chini polaraizesheni ni ileile ila na alama ya kutoa, mpimaji anafurahi tu. Ndo nikaelewa historia niliyokuwa nimeisoma kama orodha ya tarehe. Maabara ya Argonne ya Marekani mwaka 1973 walikuwa wa kwanza kuongezea nishati protoni zilizopangwa kwenye mashine yao ya ZGS ya GeV 12, resonansi zake zilikuwa dhaifu. Halafu mashine ya AGS ya Brookhaven miaka ya 80 ikawa kazi nzito, inabana mwale kwa nguvu zaidi kwa hiyo resonansi zake ni kali, walikuwa na sumaku ndogo nyingi za kusahihishia, resonansi moja baada ya nyingine unaidhoofisha kwa mkono, na ya aina ya pili unairuka kwa kuishtua mashine ghafla na sumaku za haraka. Miaka ya 90 wakageuza fikra, wakaweka sumaku inayoipindua spini kiasi kidogo tu, asilimia 5 ya kuipindua kabisa, makusudi ili resonansi za kasoro ziwe kali zaidi na spini zote zipinduke kwa usafi kila zikivuka. Mtu aliyekaa akawaza kwamba dawa ni kuliongeza tatizo namheshimu sana, mimi lilikuja mbele ya macho yangu wiki tatu nikaliita kosa.

Nilipomweleza msimamizi kwa simu akaniuliza swali moja tu. "Mwalimu, unaendesha protoni ngapi?" Nkamwambia moja. "Sasa endesha elfu."

Elfu moja kwenye laptopu ile ilikuwa usiku mzima na feni inalia. Kwa resonansi za kasoro jibu halikubadilika sana kwa sababu kasoro ya sumaku inazipata protoni zote sawa. Kwa zile za aina ya pili picha iligeuka kabisa. Protoni iliyo katikati ya mwale haipandi wala kushuka sana, kwake resonansi ni dhaifu, inabaki juu. Iliyo pembeni inayumba sana, kwake ni kali, inapinduka. Na zilizo kati ya hizo mbili ni dagaa ya mama. Kwa hiyo ile namba moja nzuri niliyokuwa nayo ya asilimia 98 ilikuwa ya protoni moja niliyoichagua mwenyewe bila kujua nimeichagua katikati, kundi zima lilikuwa chini sana ya hapo. Niliona aibu ya kweli maana ile namba nilishaituma kwenye rasimu. AGS nao walilijibu hili kwa namna yake, waliweka sumaku inayobadilika kwa mdundo karibu na ule wa kupanda na kushuka, inautikisa mwale wote kwa pamoja, hata protoni ya katikati inatoka katikati, zote zinakuwa na mwendo mkubwa zote zinapinduka, halafu wanautuliza pole pole mwale unarudi ulivyokuwa.

Ila kwenye mashine kubwa yenye resonansi mamia huwezi kwenda hivyo moja moja, na hapo anaingia nyoka wa Siberia. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita nilipowatajia hilo jina walishangilia, wengi ni Wasukuma wanawajua bayeye wanaocheza na chatu, mmoja akauliza ticha huyo nyoka ana urefu gani. Nikamwambia ni mita kadhaa kweli. Wazo ni la Derbenev na Kondratenko wa Novosibirsk kule Siberia miaka ya 70, jina alilitoa Ernest Courant, mwanafizikia wa Brookhaven, na jaribio la kwanza la kuonesha kwamba inafanya kazi lilifanyika Indiana mwaka 1989. Ni mfululizo wa sumaku ambao mwale ukipita unajipindapinda humo ndani kisha unatoka kwenye njia yake ileile, ila spini inatoka imepinduliwa nyuzi 180. RHIC kila pete ilikuwa na nyoka wawili, mmoja upande huu mwingine upande wa pili wa duara, kila nyoka na sumaku nne zilizosokotwa kama skrubu, zilizofanya kazi kwenye baridi kali mno, na taasisi ya RIKEN ya Japani ndo iliyochangia hizo.

Kuwaeleza kwa nini inasaidia ilinishinda siku mbili. Siku moja nikashinda Kayenze kwa mjomba wangu mvuvi, nikashika kafi mimi, yeye amekaa nyuma anasafisha nyavu, mtumbwi ukawa unazunguka tu, akaniambia "mpwa, unapiga upande mmoja, hamisha." Nikahamisha, kulia moja kushoto moja, tukanyooka. Nikaja nalo darasani Jumatatu. Bila nyoka kila mzunguko kamsukumo kanapiga upande uleule wa spini. Ukiwa na nyoka, mzunguko unaofuata spini inakuja imegeuka, kamsukumo kalekale sasa kanapiga upande wa pili, kanaondoa kilichofanywa mara ya kwanza. Mizunguko ya spini kwa kila duara inakuwa nusu daima, nishati iwe yoyote ile, haifiki namba kamili tena. Yule kijana wa swali la urefu akasema kwa hiyo ticha haijalishi upepo unatoka wapi. Nilitamani mjomba angekuwepo.

Ndo nikawaweka nyoka wangu wawili kwenye programu, na protoni zikafa papo hapo. Kila nishati, hata pale pasipo na resonansi, zinayeyuka tu. Safari hii sikumaliza wiki tatu, nilianza na karatasi. Mhimili ambao nyoka wa kwanza anaupinduzia spini niliuweka nyuzi 45, wa pili nao nikaunakili, 45. Inatakiwa mmoja awe 45 mwingine hasi 45, tofauti yao nyuzi 90 ndo inayoleta ile nusu. Wakiwa sawasawa wanafutana, tofauti ni sifuri, mizunguko ya spini inakuwa sifuri, ambayo nayo ni namba kamili, maana yake nilikuwa nimeijenga mashine inayokaa ndani ya resonansi muda wote. Alama moja ya kutoa.

Nikairekebisha, nikavusha resonansi za kawaida bila kupoteza kitu, nikafurahi, nikampigia msimamizi. Akanambia jaribu zile kali kabisa, kwa RHIC zilikuwa juu ya GeV 100. Nikajaribu moja ya aina hiyo. Zikaanguka.

Hapa kosa lilikuwa sehemu ambayo sikuwahi kuiangalia. Protoni inapanda na kushuka mara kadhaa na sehemu kwa kila duara, na ile sehemu ya desimali niliiweka 0.7, kwa nini 0.7, kwa sababu ni namba rahisi kuandika, hamna sababu nyingine. Kumbe nyoka wanakuletea resonansi zao wenyewe. Ukizidisha 0.7 mara tano unapata 3.5, ile nusu ya mwisho ni nusu ileile ya spini, kwa hiyo kila mizunguko michache vile viwili vinakutana, na resonansi ikiwa kali vya kutosha hata nyoka hawakuokoi. Watu wa RHIC walilijua hili vizuri, walikaa kwenye kauwazi kadogo kati ya 2/3 na 7/10, na ilibidi sumaku zote zishikiliwe humo wakati nishati inapanda, ukiteleza juu kidogo unagusa 7/10, ukiteleza chini mwale wenyewe unaharibika. Nilikuwa nimesoma kwamba wanatumia kama 0.68 nikadhani ni tabia tu ya mashine yao.

Ilikuwa Ijumaa, mvua imetoka kunyesha, umeme upo. Nikafuta 0.7 nikaandika 0.68, nikaweka protoni elfu moja, sio zile za katikati peke yake, nimezitawanya mpaka pembeni kabisa, nikaiacha. Alfajiri mama anajiandaa kuwahi gari la Kirumba, mimi bado niko mezani nimeshika kikombe cha chai imepoa, ile mistari inajichora moja moja, imetikisika pale kwenye resonansi, ikayumba, ikarudi juu. Mama akafunga kitenge akaniuliza swali lake la kila siku.

Nkamwambia mama, leo zimefika. Akauliza zote? Nkamwambia 96 kwa kila mia, akasimama akaziangalia muda kidogo ile mistari kwenye kioo, akauliza na hizo nne zimekwenda wapi, nami nikavuta kiti nikaanza kuzitafuta.